Mashua Kilifi, fundi Kitengela

Ukitoka Athi River ukashika barabara ya Namanga, Kitengela inakukaribisha kwa vitanda. Vimepangwa kando ya lami pamoja na sofa, makabati na meza za kulia, vingine bado vinanuka vanishi, na vumbi la malori likivitulia tangu asubuhi. Ufundi wa mbao hapa si haba. Lakini mchukue fundi aliyetengeneza kimojawapo cha vitanda hivyo, mpe kazi ya kutengeneza kitanda ndani ya mashua ya tanga ya futi 26, uone atakavyokuna kichwa. Ndani ya mashua hakuna pembe mraba hata moja. Ubavu umejikunja kuelekea mkuku, umebanwa kuelekea omo, yaani mbele, na sakafu ni nyembamba kama ushoroba. Kabati lililopimwa kwa skwea litagusa ubavu mahali pamoja na kuacha mwanya wa kupitisha ngumi mahali pengine.

Mashua yenyewe haiko Kitengela, wala si lazima iwe. Iko pwani, imepandishwa nchi kavu kando ya hori ya Kilifi au ya Mtwapa, ambako wasafiri wa mashua kutoka nchi za mbali hutia nanga, na ambako mwenye chombo akizeeka au akiishiwa huenda akakiuza papo hapo. Mnunuzi anaweza kuwa mhandisi au mwalimu anayelala Kitengela na kufanya kazi Nairobi. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ile inayosimama kwenye vituo vya kati huchukua watu Athi River na kuwashusha Miritini, pwani. Basi vipimo vichukuliwe pwani mwisho wa wiki, mbao zikatwe bara, vipande viteremke na lori. Kajiado, kaunti iliyo na Kitengela, ni kavu, haina ufuo, na hata hivyo naamini ina karibu kila ujuzi unaohitajika kujenga upya tumbo la mashua kuukuu. Ila ujuzi huo hutaukuta kwenye maonyesho ya fanicha.

Tuchukue chombo cha kweli kiwe mfano. Westerly Centaur ni mashua ya Uingereza ya futi 26, iliyochorwa na ofisi ya Laurent Giles na kuundwa kwa faibaglasi kuanzia mwaka 1969 hadi 1980. Ziliundwa zaidi ya 2,000. Ina mikuku miwili pembeni badala ya mmoja katikati, kwa hiyo maji yakipwa hukaa wima juu ya mchanga bila kulala ubavu. Kwa pwani yetu, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji kwa mita 3 na zaidi, hilo ni jambo kubwa: unaweza kusugua chini ya chombo kati ya kupwa na kujaa bila kulipa winchi. Ganda la faibaglasi la enzi hizo lilijengwa nene, kwa kuwa waundaji walikuwa bado hawajauamini upya wa kitu chenyewe. Miaka 50 baadaye ganda mara nyingi bado linafaa. Kilichooza ni vya ndani.

Na vya ndani vilipangwa kwa ajili ya watu wengine na baridi nyingine. Ndani ya futi hizo 26 waliweka vitanda 6. Vyumba vimefungwa, matundu ya hewa ni machache, dari imevikwa plastiki laini yenye sponji mgongoni ili mvuke wa pumzi usigeuke matone na kudondokea waliolala. Ukiileta mashua hiyo Kilifi mwezi Machi, kaskazi ikiwa inafifia na hewa imesimama, unaingia ndani ya tanuri. Jahazi la Lamu halikuwahi kuwa na shida hii. Chini ni falka, mahali pa boriti, saruji na magunia. Mabaharia hulala juu, penye upepo, na chakula hupikwa sitahani kwenye sanduku la mchanga. Mzigo ndio uliopewa paa. Sisemi mwenye mashua ndogo alale nje kila usiku, maana mvua za kusi hazina huruma, lakini anayejenga upya chombo cha Kizungu kwa safari za Bahari ya Hindi aanze kwa kuuliza nini kitoke, kabla hajaanza kuota atakachoweka.

Vitanda 4 kati ya 6 vitoke. Familia ya watu 6 haitasafiri wiki mbili kwenye futi 26 ikarudi ikiwa bado familia. Baki na viwili vya kulalia chombo kikiwa kwenye mwendo, kimoja kila upande karibu na katikati ambako mtikisiko ni mdogo, na nafasi ya omo iache iwe ghala la matanga, ambalo bandarini linaweza kulaliwa. Kitanda cha baharini hakitaki upana. Urefu wa mita 1.90, sentimita 60 mabegani, na miguuni kinaweza kupungua hadi 40. Upande wa wazi kinafungwa kitambaa cha turubai kinachoinuliwa na kamba ili aliyelala asimwagike chombo kinapolala upande. Nafasi iliyopatikana isijazwe makabati. Ipewe hewa: mlango wa sitaha wa pili, matundu yenye vikinga mvua, na milango ya kabati iliyotobolewa.

Halafu dari. Atakayenunua mashua ya miaka ya 1970 ataikuta ile plastiki ikining'inia kama tumbo la ng'ombe aliyezaa mara nyingi, kwa sababu sponji ya mgongoni imegeuka unga. Usijaribu kuibandika upya. Ing'oe yote, ukiwa umejifunga barakoa, sugua gundi ya zamani mpaka ufike kwenye faibaglasi, na hapo ndipo utakapojua ukweli wa sitaha. Kila skrubu iliyopita juu ni tundu, na tundu la miaka 50 huvuja. Weka maji ya mpira juu, mwenzako akae ndani na chaki, akiweka alama kila tone linapoonekana. Vyuma vya sitahani vifunguliwe kimoja kimoja, mbao zilizolowa kati ya tabaka za faibaglasi zichimbwe, matundu yajazwe epoksi na kutobolewa upya. Hii ni kazi ya miezi na haionekani kwenye picha. Wengi huiruka, wakapaka rangi, wakashona mito mizuri, na msimu mmoja wa mvua ukatosha kuwarudisha mwanzo.

Kingine ambacho wengi hukosea ni kuta za ndani. Kwenye nyumba, ukuta wa kugawanya chumba na jiko unaweza kuubomoa ukaona raha ya nafasi. Kwenye mashua kiambaza cha plaiwudi kinachopita kutoka ubavu hadi ubavu karibu na mlingoti ni mfupa. Mlingoti unaosimama juu ya sitaha husukuma chini kwa nguvu kubwa, nyaya zake zinavuta mbavu juu kwa nguvu inayolingana, na kiambaza ndicho kinachozuia sitaha isididimie na ganda lisijipinde. Kimeunganishwa na ganda kwa vipande vya kitambaa cha faiba vilivyolowekwa gundi, na kinaanza kuoza chini kabisa, palepale kwenye ngama, maji yanapokusanyika. Chukua bisibisi udunge. Ikizama, kiambaza kibadilishwe, lakini kimoja kwa wakati mmoja, mlingoti ukiwa umelazwa na ganda limeegemezwa sawasawa pande zote. Ukiviondoa vyote kwa pamoja ili upate nafasi ya kufanya kazi, ganda hulegea na kubadilika umbo kidogo, na kiambaza kipya kitalifunga katika upotofu huo daima.

Sasa turudi Kitengela na ile shida ya pembe. Pimamaji haisaidii, kwa sababu mashua juu ya nchi kavu yenyewe haijalala sawa, na ikiwa majini inabadilika kila dakika. Unachopeleka bara ni kigezo. Unachukua kadibodi za friji, unazikata kwa kukisia, unazisogeza karibu na ubavu, kisha unaburuta kijiti kifupi kinachogusa ganda upande mmoja na kushika penseli upande wa pili. Kijiti kinafuata kila mkunjo na penseli inauchora. Kata mstari huo, rudisha kadibodi mahali pake, rekebisha. Ikikaa bila mwanga kupenya, iandike: upande wa kulia au wa kushoto, omo iko wapi, juu ni wapi. Kadibodi isiyoandikwa ikishafika bara inageuka fumbo, maana umbo la kulia na la kushoto hufanana mpaka siku ya kufunga. Na kila kipande kipite kwenye mlango wa sitaha. Hapo ndipo kabati zuri la Kitengela litakapokwama, likiwa tayari limepigwa vanishi.

Mbao nazo zina hesabu yake. Kitengela iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu karibu mwaka mzima. Mbao iliyokaa dukani hapo miezi kadhaa hukauka kuliko itakavyokuwa pwani. Ukikata uso wa droo ukakaa vizuri kabisa Kitengela, Kilifi mbao itakunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Ubao wa upana wa sentimita 30 unaweza kuongezeka milimita 2 au 3, nazo zinatosha kuifunga droo mpaka ije kiangazi au nyundo. Kwa hiyo acha mwanya, tumia vipande vyembamba vilivyounganishwa badala ya ubao mmoja mpana, na paka pande zote, hata zile zisizoonekana. Saiprasi ya milimani, iliyozoeleka kwa mafundi wote wa hapa, inafaa kwa mbao za ukingo na za kufunika mbavu: ni nyepesi na haipendwi na wadudu. Mvule ni bora kwa sakafu, ila ni mzito, na kila kilo unayoiongeza chombo kinazama nayo.

MDF na chipbodi, ambazo ndizo moyo wa makabati mengi ya barabarani, zisiingie chomboni kabisa. Zikionja maji huvimba na kumeguka kama mkate uliolowa chai. Hata plaiwudi yenye muhuri mzuri usiiamini kabla ya kuichemsha: kata kipande kidogo, kitupe kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa saa kadhaa, kikaushe, kisha jaribu kutenganisha tabaka zake kwa kisu. Gundi ikiachia, rudisha mzigo dukani.

Fundi wa kufanya haya yote ni nani? Mimi ningempita seremala wa vitanda nikamtafute fundi wa bodi za matatu. Yeye ndiye aliyezoea kufunga vitu ndani ya kitu kinachotikisika. Anajua skrubu ya kawaida italegea kwa mtikisiko na hutumia nati ya kujibana. Anaweza kuvalisha dari iliyopinda bila mikunjo. Anajua kupanga viti 14 mahali ambapo akili ya kawaida ingepanga 8, na kupitisha nyaya za taa na spika nyuma ya mabati bila kuacha uzi unaoning'inia. Fundi wa sofa aje naye, kwa ajili ya mito: kukata sponji nzito kwa umbo la pembe iliyochongoka na kuishonea turubai ni kazi yake ya kila siku, na mashua haimwongezei ugumu wowote.

Lakini fundi wa matatu lazima aambiwe mambo mawili. La kwanza ni chuma. Skrubu zake za kawaida zitatoa machozi ya kutu kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. La pili ni umeme. Kwenye gari, waya wa hasi hufungwa popote kwenye bodi, nayo bodi ya chuma inaurudisha umeme kwenye betri. Ganda la faibaglasi halipitishi umeme. Kila taa, kila pampu, inahitaji nyaya mbili kamili hadi betri, na fyuzi iwe karibu na betri kuliko na kifaa. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu hugeuka unga wa kijani katika hewa ya chumvi.

Kwa umeme wenyewe Kajiado haihitaji somo. Maboma mengi ya ndani, kuanzia Bisil hadi Namanga, yaliwasha taa na kuchaji simu kwa paneli ya jua na betri ya volti 12 kabla nguzo ya stima haijafika. Mashua ndogo ni boma la namna hiyo hiyo: paneli moja au mbili, kidhibiti chaji, betri iliyofungwa isiruke chombo kikilala, taa za LED, redio, na taa ya mlingotini ya usiku. Mama aliyezoea kuzima taa ya nje ili redio ifike asubuhi anaelewa hesabu hiyo kuliko fundi wa mjini. Na wapo waliokwenda mbali bila hata hicho. Lin na Larry Pardey waliizunguka dunia kwa miaka 11 ndani ya Seraffyn, mashua ya mbao ya futi 24 waliyoiunda wenyewe na kuishusha majini mwaka 1968, isiyo na injini, wakimulika kwa taa za mafuta.

Jikoni ndiko mazoea ya bara yanakoweza kuua. Karibu kila nyumba ya kupanga Kitengela ina mtungi wa gesi wa kilo 6 chini ya meza ya jiko, wenye kichomeo juu yake, na ukivuja kidogo gesi inatoka chini ya mlango. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ndani ya mashua hakuna mlango wa chini. Gesi hutiririka kama maji hadi ngama, inajikusanya pale bila mtu kuinusa, na cheche ya pampu ya kufua maji inatosha kulipua chombo kizima. Mtungi ukae nje, kwenye sanduku lisilo na njia ya kuingia ndani na lenye tundu la kutolea gesi baharini, na valvu ifungwe kila baada ya kupika. Asiyeweza kuwa na nidhamu hiyo apike kwa stovu ya mafuta taa au ya spiriti. Na jiko lolote liwe limening'inizwa kwenye egemeo ili libaki sawa chombo kikiinama, likiwa na vizuizi vya kushika sufuria.

Maji ndiyo somo ambalo mtu wa Kajiado angewafundisha mabaharia. Kitengela inaishi kwa visima virefu, kwa maboza yanayopita mitaani na kwa mitungi ya lita 20, na kila mkazi anajua mtungi mmoja ukitumiwa vizuri unafika wapi. Kwenye mashua, lita 4 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa, kupika na kupangusa uso, kuoga kukifanywa kwa maji ya chumvi. Watu wawili, mitungi 6, siku 15. Kutoka Kilifi hadi Lamu, kusi ikiwa mgongoni, chombo cha ukubwa huu kinahitaji kama siku moja ya mwendo, kwa hiyo hesabu hiyo ina akiba tele. Tangi kubwa la kudumu chini ya kitanda halinivutii: likichafuka limechafuka lote, likipasuka limekwenda lote. Mitungi inatenganisha hasara. Mradi ifungwe chini, katikati, pande zote mbili kwa uzito sawa, kwa sababu kilo 120 zikihama usiku mashua itainama nazo.

Na mpango wa ndani? Ukiingia kwenye enkaji, nyumba ya Kimaasai inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, unainama mlangoni, unapinda kwenye njia fupi, na unajikuta gizani ambamo kila kitu kiko umbali wa mkono: moto katikati, kitanda cha ngozi huku, kingine kule, kona ya ndama, vibuyu vya maziwa mahali pake. Hakuna anayetafuta kitu kwa taa. Ningempa mwenye kupanga mashua jioni moja ndani ya nyumba kama hiyo kabla hajanunua kitabu chochote. Tochi, kisu, koti la mvua na redio vipatikane kwa mkono, gizani, chombo kikiruka, na mtu aliyelewa bahari.

Kuna bidhaa moja ya kaunti hii ambayo haitajwi kwenye orodha za waundaji mashua nayo ingewafaa. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na tangu 1915 reli kutoka Konza imekuwa ikipita Kajiado mjini kuteremka hadi ziwa Magadi na kurudi na soda. Soda hiyo, ikiyeyushwa kwenye maji ya moto, hukata oili ya zamani kuliko sabuni nyingi, na ngama ya mashua ya miaka 50 ni bwawa la oili, dizeli na nywele. Vaa glavu, na usiiguse aluminiamu kwayo, maana huila. Vipande vya chuma vilivyoshikwa na kutu pia vinaweza kuokolewa kwa maji ya soda na chaja ya betri: chuma chenye kutu kwenye hasi, kipande cha chuma cha kutupa kwenye chanya, usiku kucha, nje ya nyumba kwa sababu ya hewa ya hidrojeni inayotoka. Kipande cha chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu.

Kwa madirisha, mtu wa hapa atavutiwa na kioo cha rangi cha Kitengela, kile kinachotengenezwa kando ya mbuga katika karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, kwa vioo vya madirisha vilivyotupwa. Kipendeze kama kivuli cha taa, kikiwa kimefungwa. Dirisha la ubavuni ni la akriliki nene, iliyofungwa kwa boliti zinazopita hadi ndani, kwa kuwa wimbi halijui sanaa.

Vipande vyote vikishafungwa, rangi bado isipakwe. Shusha mashua majini, weka mitungi imejaa, sufuria, vitabu, godoro, nanga ya akiba, kila kitu cha safari. Subiri siku yenye upepo wa kutosha kulaza chombo, toka hori ya Kilifi uelekee Mtwapa, geuza tanga upande huu kwa saa mbili, kisha upande ule. Mmoja aketi chini na daftari. Aandike droo iliyofunguka yenyewe, kona iliyomgonga paja, kiambaza kinacholia, kikombe kilichoruka, na mahali mkono ulipotafuta pa kushika usipate. Daftari hilo lirudi Kitengela kwa fundi wa bodi. Yakishatengenezwa hayo ndipo mnunue rangi.